Vina vya Mikono kwa Watoto Viziwi

Kila mwalimu ajuaye mashairi ya Kiswahili ajua kwamba utungo husimama juu ya nguzo mbili, vina na mizani. Katika shairi la desturi mshororo una mizani 16, yaani 8 na 8, na vina hurudi katikati na mwisho. Wengi hudhani ya kuwa mambo haya ni ya sikio tu, na kwamba mtoto kiziwi hana fungu humo. Sivyo.

Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Marekani, alionyesha kwamba alama za viziwi ni lugha kamili, na kila alama ina sehemu zake: umbo la mkono, mahali pake, na mwendo wake. Basi kina cha mkono ni umbo lile lile kurudi katika alama baada ya alama. Na mizani ni mwendo uliopimwa, mathalani mara mbili, kisha kutua.

Twapenda kulitazama jambo hili huku Kyela. Mama amwimbiaye mwanawe kwa Kinyakyusa humpa lugha kabla mtoto hajajua kusema. Mtoto kiziwi huona midomo ikicheza, wala hapati neno. Shule ya Viziwi Tabora ilianza mwaka 1963, na ile ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974; lakini mtoto aendaye shuleni amekwisha kupita miaka yake ya kwanza, na lugha iliyokosekana utotoni ni vigumu kuipata baadaye.

Basi mwalimu na achague umbo moja, tuseme kiganja kilichokunjuliwa. Kikilala na kupanda na kushuka, ni mawimbi ya Matema. Kikisimama upande na kuyumba, ni samaki. Kikiinuka juu, ni Milima ya Livingstone. Umbo ni moja, maana ni tatu: hicho ndicho kina. Mizani na ipigwe polepole begani pa mtoto, kama mchi utwangao mpunga kinuni, apate kuisikia mwilini.

Mifano hii yaonyesha njia tu. Alama zenyewe yatupasa kujifunza kwa viziwi, maana Lugha ya Alama ya Tanzania ni yao. Tena mama wa mtoto na awe mwanafunzi wa kwanza, kwa kuwa utungo wa utotoni hukaa nyumbani kabla ya kufika darasani.