Kilichopo na Kilichomo: Istilahi za Kubadili Vipengele vya Safu Fumbate

Madhumuni ya makala haya ni kueleza dhana moja ya kompyuta ambayo huwapa taabu wafasiri na walimu kila wanapoikuta. Dhana yenyewe ni ile ya kubadili kipengele kilichomo ndani ya safu, ambayo nayo imo ndani ya safu nyingine. Mtu akiisikia kwa mara ya kwanza, kazi hii yaonekana nyepesi: badili, basi. Lakini neno hilo "badili", likiachwa peke yake bila neno la kuliongoza, laweza kufuta watu katika daftari bila mashine kulalamika. Tutaonyesha kwamba Kiswahili kinavyo viambishi viwili vidogo, -po na -mo, vinavyotosha kuiondoa hatari hiyo, na kwamba katika jambo hili mfasiri hana haja ya kwenda kukopa mbali.

Lugha za safu

Zipo lugha za kompyuta ambazo hazishughulikii namba moja moja, bali hushughulikia safu nzima kwa mara moja. Mama wa lugha hizo ni APL. Ilitokana na mfumo wa alama uliobuniwa na Kenneth Iverson, mwanahisabati wa Kanada, ambaye alichapisha kitabu chake juu ya mfumo huo mwaka 1962. Mwaka 1979 Iverson alipewa Tuzo ya Turing, iliyo tuzo kubwa kabisa katika taaluma ya kompyuta. Katika APL, mtu akitaka kuongeza moja katika kila namba ya safu yenye namba elfu moja, haandiki amri ya kurudiarudia. Huandika jina la safu, alama ya kujumlisha na 1, na kazi imekwisha.

Safu za APL ya awali zilikuwa bapa. Kila kipengele kilikuwa namba moja au herufi moja. Safu iliweza kuwa na mistari, nguzo na hata tabaka, lakini haikuwezekana kuweka safu nzima mahali pa kipengele kimoja. Katika miaka ya 1970 Trenchard More aliandika juu ya nadharia ya safu zinazobeba safu, na katika miaka ya 1980 nadharia za namna hiyo ziliingia katika lugha zenyewe: Dyalog APL ya Uingereza ilitoka mwaka 1983, na APL2 ya kampuni ya IBM mwaka 1984. Tangu hapo kipengele cha safu kiliweza kuwa furushi lenye safu nyingine ndani yake, na ndani ya hiyo kukawa na nyingine tena.

Mfano wa Lukole

Dhana isiyo na mfano huelea. Mfano wetu tumeuchukua Lukole, wilayani Ngara, mkoani Kagera, jirani na Biharamulo. Kambi ya Lukole iliwahifadhi wakimbizi wa Burundi waliovuka mpaka baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, pamoja na wengine waliofuata katika miaka ya vita. Ilikuwa na sehemu mbili, Lukole A na Lukole B, nayo ilifungwa mwaka 2008.

Tumeichagua Lukole kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba daftari la kambi ya wakimbizi ni safu ndani ya safu kwa tabia yake. Mtu haandikwi peke yake. Huandikwa ndani ya kaya, kaya ndani ya mtaa, na mtaa ndani ya sehemu ya kambi. Chakula nacho hupimwa kwa idadi ya watu waliomo katika kaya, hata kosa la kalamu likawa kosa la sufuria. Sababu ya pili ni ya lugha, nayo tutaifikia baadaye. Ieleweke kwamba mtaa tutakaoutaja hapa ni wa kufundishia tu, na umri wa watu wake tumeubuni wenyewe.

Tuchukue mtaa wenye kaya tatu, tukiandika umri wa kila mtu:

MTAA ← (34 29 6 2) (51 47 15) (23 20)

Mtaa huu una vipengele vitatu, wala si tisa. Kila kipengele ni furushi: la kwanza lina watu wanne, la pili watatu, la tatu wawili. Atakayeiuliza mashine urefu wa MTAA atajibiwa 3, kwa maana imehesabu kaya. Akitaka idadi ya watu, hana budi kutumia alama ya "kila", inayoiamuru mashine kuhesabu ndani ya kila furushi. Ndipo atakapopata 4 3 2. Karani aliyesahau neno "kila" atapeleka chakula cha watu watatu katika mtaa wa watu tisa.

Kosa la kwanza: mtoto aliyewafuta wazazi

Tuseme katika kaya ya tatu amezaliwa mtoto. Umri wake ni 0. Mwanafunzi aliyeambiwa tu "badili kipengele cha tatu" aweza kuandika hivi:

MTAA[3] ← 0

Mashine itapokea bila neno. Lakini tukitazama mahali pa tatu, hapana tena kaya ya watu wawili. Pana 0 peke yake. Baba na mama wamefutwa, na mtoto mchanga amebaki bila mtu wa kumpokelea chakula. Mashine haikulalamika kwa sababu katika APL namba moja tupu haifungiki ikawa furushi. Ukiifunga, hubaki vile vile ilivyokuwa. Kwa hiyo mahali pa furushi panaweza kukaliwa na namba tupu, na mashine isione kasoro. Katika J, lugha iliyotungwa na Iverson pamoja na Roger Hui mwaka 1990, mambo ni tofauti: namba tupu haikubaliwi kukaa miongoni mwa mafurushi, na mashine hukataa.

Mwanafunzi mwingine, akitambua kwamba wazazi lazima wabaki, ataandika MTAA[3] ← 23 20 0. Hapa mashine itakataa, kwa kuwa amepeleka vitu vitatu mahali pa kitu kimoja. Zipo njia mbili zilizo sahihi:

MTAA[3] ← ⊂23 20 0
(3⊃MTAA) ← 23 20 0

Katika njia ya kwanza, alama ⊂ huzifunga namba tatu ziwe furushi moja, na furushi hilo likawekwa mahali pa lile la zamani. Tumebadili kilichopo mahali pa tatu. Katika njia ya pili, alama ⊃ hutufikisha ndani ya furushi, nasi tunapeleka namba bila kuzifunga. Tumebadili kilichomo. Matokeo ni mamoja, lakini kitu kinachopelekwa si kimoja: mwenye kubadili kilichopo hupeleka furushi lililofungwa, na mwenye kubadili kilichomo hupeleka vitu vyenyewe.

Kosa la pili: mahali pawili au njia moja

Sasa mtu wa tatu katika kaya ya pili ametimiza miaka 16. Tunazo namba mbili, 2 na 3. Tazama amri hizi:

(2 3⊃MTAA) ← 16
MTAA[2 3] ← 16

Ya kwanza husema: ingia katika kaya ya pili, na humo umwendee mtu wa tatu. Umri wake utakuwa 16, na wengine wote watabaki kama walivyokuwa. Ya pili husema: nenda mahali pa pili na mahali pa tatu, na kila mahali uweke 16. Kaya ya pili yenye watu watatu, na kaya ya tatu ambayo sasa nayo ina watu watatu, zote zimetoweka. Watu sita wamefutwa kwa sababu ya kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao. Na hapa pia mashine haisemi kitu.

Namba ni zile zile, kwa mpangilio ule ule. Katika amri moja ni hatua za safari moja. Katika nyingine ni orodha ya vituo viwili vilivyo sambamba. Arthur Whitney, aliyetunga lugha ya K mwaka 1993, aliitambua tofauti hii na akaipa alama mbili: alama @ kwa mahali palipo sambamba, na nukta kwa njia inayozama ndani. Ikiwa mtunzi wa lugha ya mashine aliona haja ya alama mbili, mfasiri hawezi kutosheka na neno moja.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi mbili. Namba zinazotaja sehemu zilizo sambamba ziitwe "namba za mahali". Namba zinazoongoza kutoka nje kuingia ndani ziitwe "namba za njia". Mwalimu akisema "2 3 ni namba za njia", mwanafunzi hatapotea.

Viambishi -po na -mo

Sasa tuifikie sababu ya pili ya kuchagua Lukole. Katika kambi ile Kiswahili kilikutana na Kirundi cha wakimbizi na Kihangaza cha wenyeji wa Ngara, lugha ambazo ni jamaa wa karibu. Katika Kirundi, "mu nzu" ni ndani ya nyumba, na "ahantu" ni mahali. Katika Kiswahili twasema "nyumbani mwake" tukikusudia ndani, na "nyumbani pake" tukikusudia mahali pake. Lugha hizi zote zimerithi kutoka asili moja ya Kibantu tofauti kati ya mahali palipo dhahiri na undani wa kitu. Mzee asiyepata kuona kompyuta anajua kwamba "kilichopo mlangoni" si sawa na "kilichomo nyumbani".

Tofauti hii ndiyo hasa inayohitajika katika safu zinazobeba safu. Lugha nyingi za Ulaya hazina viambishi vya namna hii, na hulazimika kuongeza maelezo marefu. Sisi tunavyo, lakini wafasiri wengi huviacha kwa kuwa matini asilia haikuvidai. Hilo ni kosa la kufuata sentensi za wageni hatua kwa hatua na kusahau zana zetu.

Kuhusu vitenzi, neno "sasisha" limekwisha kuzoeleka katika kompyuta, nalo ni zuri kwa kutaja lengo: kuileta kumbukumbu iende na wakati. Lakini halielezi ni nini kiliondolewa wala kiliondolewa wapi. Katika kichwa cha habari lafaa. Katika maagizo twashauri kuandika "badili kilichopo" au "badili kilichomo".

Jina la safu zenyewe

Limebaki jina la safu yenye safu ndani yake. Kiingereza hutumia taswira ya kiota, na wapo waliotafsiri "safu kiota". Lakini kiota kwetu ni nyumba ya ndege, na hakibebi maana ya kimoja kukaa ndani ya kingine. "Safu changamano" nayo ina kasoro, maana neno hilo lina kazi yake katika sarufi tusemapo "sentensi changamano". "Safu tabaka" ni mbaya zaidi, kwa sababu safu bapa nayo yaweza kuwa na tabaka, na hiyo ndiyo tofauti tunayotaka kuilinda.

Twapendekeza "safu fumbate", kutokana na kitenzi "fumbata". Mtu aliyefumbata shilingi tano kiganjani ana ngumi moja kwa atazamaye nje, na sarafu tano kwa ajuaye kilichomo. Umbo la "fumbate" lafuata kanuni iliyotupatia "mteule" kutokana na "teua" na "mtume" kutokana na "tuma". Tena kitenzi hiki chapokea kinyume chake kwa urahisi: kama "kunja" ilivyozaa "kunjua", na "ziba" ikazaa "zibua", ndivyo "fumbata" iwezavyo kuzaa "fumbatua". Maneno "funga" na "fungua" tumeyaepuka, kwa kuwa yanatumika tayari kwa mafaili na madirisha.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Safu bapa: safu ambayo kila kipengele chake ni namba moja au herufi moja.

Safu fumbate: safu yenye kipengele kimoja au zaidi ambacho ni safu.

Fumbata: kuifanya safu nzima iwe kipengele kimoja.

Fumbatua: kutoa safu iliyofumbatwa.

Kina: idadi ya hatua kutoka nje hadi kwenye namba au herufi tupu.

Namba za mahali: namba zinazotaja vipengele vilivyo sambamba.

Namba za njia: namba zinazoongoza hatua kwa hatua kuingia ndani.

Badili kilichopo: kuweka kipengele kingine mahali palipotajwa.

Badili kilichomo: kugeuza yaliyo ndani ya kipengele.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kama mambo haya yanamhusu mtumishi wa ofisi ambaye hatatunga programu maishani mwake. Yanamhusu. Daftari la wanafunzi, orodha ya wapiga kura na kumbukumbu za zahanati zote ni watu ndani ya kaya au darasa, ndani ya kijiji au shule. Agizo litakaloandikwa "badilisha taarifa za kaya" litasomwa na mmoja kuwa ni kurekebisha jina lililomo, na mwingine kuwa ni kuondoa kaya na kuweka nyingine. Wote wawili watakuwa wametii. Mwenye kulaumiwa ni aliyeandika.

Tunawaomba walimu wazijaribu istilahi hizi darasani, na wafasiri watuletee maoni yao, hasa juu ya "safu fumbate", kabla hazijapelekwa mbele kwa usanifishaji.