Ordinatere ya kikundi: kuunga vipande ao kununua iliyo tayari?



Kikundi kinapofunga mwaka na kufungua sanduku, mawazo ya kwanza huwa mbuzi, mashini ya kushona ao mashini ya kusaga muhogo. Siku hizi kuna pia neno lingine: birotiki. Kazi ya kuandika ipo. Walimu wanataka mitihani iandikwe, wanafunzi wanaleta TFC zao, parokia inaleta programu ya misa na ya arusi, kijana anayetafuta kazi anataka barua na CV. Mama anayetoka Kipese kwenda Butembo na kurasa kumi mkononi analipa pikipiki mara mbili mbele ya kulipa kazi yenyewe. Feza hiyo ingeweza kubaki kwetu.

Lakini mara tu kikundi kinapokubali, swali la pili linafika: ordinatere gani? Si ile ya kubeba kwenye mufuko, hiyo nitaisema chini. Nasema ile ya mezani, yenye sanduku lake, ekrani na klavye, ambayo itafanya kazi toka asubuhi mpaka jioni. Kuna njia mbili. Muuzaji atakuonyesha mashini iliyo tayari, mara nyingi Dell, HP ao Lenovo iliyotumika kwenye ofisi za Ulaya ao Amerika, ikapita Dubai na bandari ya Mombasa mpaka Kasindi. Na kijana fundi atakuambia: “Mama, usinunue hiyo. Nipe feza, nitakuungia mpya, yenye nguvu zaidi.”

Fundi huyo hasemi uongo. Ordinatere inaweza kuungwa kama vile fundi wa mbao anavyounga kabati. IBM ilipotoa ordinatere yake ndogo katika 1981, iliitengeneza kwa vipande ambavyo viwanda vingine vilikuwa vikiuza tayari, na tangu hapo wengi wakaiga. Katika 1995 Intel ilitoa kipimo kinachoitwa ATX, ambacho kinasema matundu ya skrubu yakae wapi na alimantasio iwe na ukubwa gani. Ndiyo sababu karte-meri ya kiwanda kimoja inaingia kwenye sanduku la kiwanda kingine. (Karte-meri, maana yake kadi ya mama: ndiyo inayobeba vipande vyote vingine. Waliochagua jina walijua.)

Basi, kati ya hizo mbili tuchukue ipi?

Wengi wanaanza na bei. Mimi ningeanza na swali lingine: siku itakapozima, nani ataifufua, na kwa kipande gani? Kwetu kinachokufa mara nyingi ni alimantasio, kile kisanduku cha ndani kinachopokea moto wa umeme. Grupu inapanda na kushuka, umeme unakatika na kurudi kwa kishindo, na alimantasio ndiyo inayopigwa ya kwanza. Kwenye mashini iliyoungwa kwa kipimo cha ATX, unanunua alimantasio yoyote ya kipimo hicho, skrubu nne, kazi inaendelea kesho yake. Kwenye mashini nyingi za ofisi, zaidi zile nyembamba, alimantasio ina umbo lake peke yake na plagi zake peke yake. Ya ATX haiingii. Unabaki kutafuta mashini nyingine ya namna ile ile iliyokufa, utoe kwake. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mashini iliyo tayari, na wauzaji hawaisemi.

Kwa upande mwingine, mashini iliyo tayari ina uzuri ambao kikundi cha wamama hakipaswi kuudharau: muuzaji mmoja, fakture moja, namba moja ya serie. Ikikataa kuwaka, unajua mlango wa kugonga. Mashini ya kuungwa ina vipande saba ao nane: sanduku, karte-meri, prosesere, memori, diski, alimantasio, feni, na pengine kadi ya picha. Vilinunuliwa kwa watu mbalimbali. Ikikataa, muuzaji wa memori atasema kosa ni la karte-meri, wa karte-meri atasema kosa ni la alimantasio, na fundi atasema moto wenu ni mbaya. Feza ya wamama thelathini iko katikati ya mabishano hayo. Tena, hakuna mama kwenye kamati anayeweza kuangalia prosesere na kujua kama ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari yenyewe inaweza kuandika kipande ambacho hakimo.

Simaanishi kwamba vijana wetu ni wezi. Nasema kikundi kisimuweke kijana mahali ambapo hata akiwa mwaminifu hawezi kuonyesha uaminifu wake.

Sasa umeme, kwa sababu hesabu hii wengi wanairuka. Mashini ya ofisi ikiwa inaandika tu inakula karibu wati 50, na ekrani ndogo ya LED karibu 20. Jumla 70. Batri ya volti 12 na Ah 100 ina watisaa 1.200, lakini ikiwa ni ya risasi usivuke nusu, la sivyo itakufa upesi. Zinabaki 600. Onduleri nayo inakula kidogo. Mtapata masaa karibu saba ya kazi, siku nzima ya birotiki. Mashini ya kuungwa “yenye nguvu zaidi”, ikiwa na kadi ya picha ya pekee, inaweza kupita wati 200 inapofanya kazi nzito. Batri ile ile itaishia njiani, chini ya masaa matatu. Nguvu hiyo itatumika kuandika barua? Muangalie pia emprimante. Ile ya lazeri inaomba mamia ya wati inapopasha moto, na onduleri ndogo itazimika mbele ya ukurasa wa kwanza. Ile ya wino wa tangi inakula kidogo sana, na kwa moto wa jua ndiyo yetu.

Kwa hiyo shauri langu ni wazi: birotiki ya kuandika na kuchapisha inunue mashini ya ofisi iliyo tayari. Kama feza inafika, inunue mbili za namna moja kabisa, hata kama ya pili ni ya zamani kidogo ama haina diski. Ya pili ni ghala la vipande. Alimantasio ya kwanza ikiungua, mnachukua ya dada yake siku ile ile. Kama hamna feza ya mbili, chagueni sanduku kubwa kuliko lile jembamba, na muulizeni muuzaji afungue na awaonyeshe kama alimantasio yake ni ya kipimo cha ATX.

Kuunga kunafaa kwa kazi nyingine. Kikundi kinachotaka studio ya kukata video za arusi na kutengeneza picha kubwa kinahitaji nguvu ambayo mashini ya ofisi haina. Huko unga, lakini na karatasi ya kila kipande, na mama mmoja aende sokoni pamoja na fundi.

Siku ya kununua, usiende peke yako. Watatu wanatosha: prezidante, mutunza-feza, na kijana wa kwenu anayejua, ambaye hapati komisio kwa muuzaji. Soma jina la prosesere. Kwa zile za Intel, tarakimu baada ya kistari inasema kizazi: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8. Hii ni muhimu sasa, kwa sababu Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida inataka Intel ya kizazi cha 8 ao zaidi. Muuzaji akikuletea ya 4 ao ya 6, bei ishuke sana. Bado inaweza kuandika vizuri kwa Linux na LibreOffice, ambazo hazilipishwi, mradi mtakayemweka kazini akubali kujifunza.

Nyuma ya sanduku, karibu na plagi, pengine kuna kitufe chekundu chenye 115 na 230. Mashini nyingine za zamani kutoka Amerika zinafika zikiwa kwenye 115. Ukiichomeka kwenye volti zetu 220, inaungua palepale, na hakuna muuzaji atakayekurudishia feza. Angalia kitufe hicho mbele ya kitu kingine chochote.

Kisha iwake saa nzima mbele yako, na si dakika tano. Omba ifunguliwe. Juu ya karte-meri kuna vidumu vidogo vya mviringo: vichwa vyao viwe tambarare. Vikivimba kama maandazi, acha. Saa ikirudi nyuma kila wakati plagi inapotolewa, usiogope, ni kabatri kadogo ka CR2032 tu kanachotaka kubadilishwa. Uliza pia kama diski ni SSD. Ile ya zamani inayozunguka inachukia kutikiswa, na njia yetu wakati wa mvua mnaijua.

Inabaki ordinatere ya kubeba. Inakula umeme kidogo, ina batri yake, na siku watu wanapokimbia inaingia kwenye mufuko pamoja na nguo za mtoto. Baada ya mambo ambayo Lubero imeona tangu 2024, hakuna mama atakayecheka sababu hiyo. Lakini klavye na ekrani zake zikivunjika ni gari nzima, inaibiwa kwa urahisi, na ikishatoka ofisini mara moja “kwa kazi kidogo” inaanza kuwa ya mutu mmoja. Ningeichukua tu pale ambapo njia bado haijatulia.

Kwa mashini yoyote mtakayochagua, namba ya serie iandikwe kwenye kitabu cha kikundi siku ile ile, na fakture ikae kwa mutunza-feza. Kila jioni kazi zote zikopiwe kwenye kle USB, na kle hiyo isilale kwenye chumba kimoja na mashini. Ilale kwa mama mwingine.