Ghala la Matumbawe Haliponi kwa Saruji

Masika yakiisha, swali ni lile lile. Linatoka Bagamoyo, linatoka Saadani, hata Pangani: "Mhandisi, ukuta wa ghala la babu unatoa chumvi na lipu inadondoka. Nichanganye mifuko mingapi ya saruji na ile dawa ya kuzuia maji ili isirudi tena?"

Hata mmoja. Nimechoka kulijibu swali hili kwa simu, basi nalijibu hapa mara moja.

Tunazungumzia maghala ya mawe ya karne ya 19, kama yale ya Bagamoyo yaliyo karibu na forodha ya zamani na Mtaa wa India, zilikowekwa pembe za ndovu, sandarusi na mbata zikisubiri jahazi. Ukuta wake ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wa nusu mita au zaidi. Juu yake zimelazwa boriti za mikoko, nyingi zikitoka delta ya Rufiji, zikabebeshwa mawe na sakafu ya chokaa iliyopondwa kwa magongo mpaka ikashikana. Boriti haibebi mzigo huo vizuri ikivuka mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Msitafute siri ya utamaduni hapo. Urefu wa mti ndio ulioamua.

Sasa saruji. Imani iliyoenea ni kwamba maji yanaingia ukutani kwa sababu chokaa ni dhaifu, kwa hiyo ukiukandika ukuta kitu kigumu, maji yatabaki nje. Kila neno hapo lina kasoro. Maji hayaji usoni tu. Yanapanda kutoka ardhini, yanashuka kutoka kwenye paa bovu, na jiwe lenyewe lina chumvi kwa sababu limetoka baharini. Ukuta wa aina hii haukujengwa ukae mkavu kabisa. Ulijengwa ulowe na ukauke, ulowe na ukauke, na chokaa yenye matundu madogo madogo ndiyo inayoruhusu unyevu utoke. Chumvi inatoka pamoja nao, inaganda juu ya lipu, lipu inachakaa, na baada ya miaka kadhaa unapiga nyingine. Lipu ile kazi yake ni kuchakaa badala ya jiwe. Wewe unaiona imeshindwa, kumbe iko kazini.

Ukiziba kwa saruji, umemvika mtu koti la mvua kwenye jua la mchana: hanyeshewi, ila analowa kwa jasho lake mwenyewe. Unyevu unakosa njia, unapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya lipu, inavimba, na siku lipu inapobanduka inaondoka na ngozi ya jiwe na kiungio cha zamani. Fundi anakuja, anasema mchanganyiko ulikuwa mwepesi, anaongeza saruji. Baada ya hapo unyevu unafika kwenye vichwa vya boriti vilivyopachikwa ukutani. Mkoko mkavu hudumu kwa vizazi; mkoko uliofungiwa unyevu huoza kichwa, na mchwa hawasubiri kualikwa. Dari ikianguka, watu wanailaumu boriti.

Utaniambia chokaa haina nguvu. Nenda Kaole, dakika chache kutoka mjini Bagamoyo, ukautazame msikiti ambao wataalamu wanauweka karne ya 13. Ni gofu, sikatai, paa liliondoka zamani. Lakini kuta hizo zimenyeshewa bila paa miaka mingapi, na kinachozishika ni nini? Chokaa hunyonya hewa ya ukaa na kurudi polepole kuwa jiwe. Na mayai ambayo kila mzee wa kijiwe anaapa yalichanganywa humo, yaacheni jikoni. Waingereza nao, ambao kwao Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji ya Portland mwaka 1824, leo wanalipa mafundi kuibandua saruji hiyo kwenye makanisa na maghala yao ya mawe ili warudishe chokaa.

Saruji si adui. Kwenye nyumba ya matofali ya saruji, itumie. Hapa haina kazi.

Ufanye nini, basi? Anza na maji: ziba paa, weka mfereji, shusha kiwango cha udongo uliorundikana nje ya ukuta, ng'oa mti uliootea kwenye ufa. Bandua saruji kwa nyundo na patasi, taratibu, usilete mashine ya kutetemesha. Acha ukuta ukauke mpaka kiangazi kiishe ikiwezekana. Loweka chokaa kwenye pipa wiki kadhaa. Sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa mtoni, kamwe si wa ufukweni. Piga matabaka membamba, yafunike kwa magunia mabichi yasikaushwe na jua. Rangi ya mafuta usipake, paka chokaa. Boriti iliyooza kichwa ibadilishwe kwa boriti kavu, na kichwa chake kiachiwe nafasi ya hewa ndani ya ukuta. Mikoko haikatwi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo muulize muuzaji karatasi zake. Oili chafu haifukuzi mchwa kama unyevu umebaki. Dari ya zege isahau: chumvi hufika kwenye nondo, nondo inapata kutu na kuvimba, na zege linapasuka. Kabla ya yote hayo, pita ofisi ya Mambo ya Kale, maana jengo la zamani linaweza kuwa limelindwa kisheria hata kama hati ni yako. Ukikosa fundi wa chokaa Bagamoyo, vuka Zanzibar. Mji Mkongwe bado wapo.

Kama fundi wako ameshateremsha mifuko uani, mwambie airudishe dukani leo, kabla haijafunguliwa.