Goti Kabla ya Sindano

Mama aliyepata kifafa cha mimba huchomwa sindano ya magnesiamu salfeti. Ni dawa ya bei nafuu, na utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba inazuia degedege kurudi vizuri zaidi kuliko diazepamu na fenitoini. Mwaka 2002 utafiti mwingine, wa wanawake wapatao 10,000, ukaonyesha kuwa kwa mwenye presha ya mimba hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu. Hapo hakuna ubishi tena. Kinachowashangaza ndugu wodini ni kwamba saa ya sindano imefika, muuguzi amekuja, na badala ya kuchoma anamgonga mgonjwa goti.

Dawa hii hutolewa kwa wingi. Katika utaratibu mmoja unaotumika sana, mgonjwa huanza na gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kisha gramu 10 kwenye misuli, yaani 5 kila tako. Baada ya hapo ni gramu 5 kila baada ya saa 4, tako hili kisha lile, mpaka zitimie saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho: huhesabiwa kile kilichotokea mwisho. Karibu yote hutoka mwilini kupitia figo, na ugonjwa wenyewe huumiza figo. Mkojo ukipungua, dozi za mwanzo zinabaki kwenye damu huku nyingine zikiongezwa juu yake.

Magnesiamu huizuia kalsiamu kufanya kazi kwenye ncha ya neva, hivyo ujumbe unaofika kwenye msuli unakuwa hafifu. Ikizidi, mwili hulegea kwa mpangilio unaojulikana: goti huacha kuitikia kwanza, kisha pumzi huzidiwa, mwishowe moyo husimama. Kati ya goti na pumzi kuna nafasi, na ndani ya nafasi hiyo ndimo muuguzi anamomwokoa mgonjwa.

Kwa hiyo kabla ya kila dozi, pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liitikie, na mkojo wa saa 4 zilizopita usiwe chini ya mililita 30 kwa kila saa. Kikikosekana kimoja tu, sindano inasubiri na daktari anaitwa. Pumzi zihesabiwe dakika nzima. Kuhesabu robo dakika na kuzidisha mara nne, kwa mgonjwa huyu, naona ni kubahatisha. Usimwambie unazihesabu, maana akijua atazibadilisha bila kukusudia. Mkojo nao hupimwa kwenye mfuko wa mpira wa mkojo. Kumuuliza mgonjwa kama amekojoa hakutoshi.

Aliyepasuliwa kwa ganzi ya mgongo ana kesi yake. Goti lake linaweza kukaa kimya kwa saa kadhaa hata kama dawa haijazidi, hivyo mgonge kwenye kano ya kiwiko.

Joto la ghafla mwili mzima, jasho, kichefuchefu na maumivu palipochomwa ni mambo ya kawaida kwa dawa hii. Mgonjwa na ndugu zake waelezwe mapema, la sivyo watadhani amechomwa sumu. Kusinzia kupita kiasi na ulimi kuwa mzito ndiyo mambo ya kutilia shaka.

Magnesiamu ikizidi, kinachoipinga ni kalsiamu glukoneti, gramu 1, yaani mililita 10 za myeyusho wa asilimia 10, kwenye mshipa polepole, huku mgonjwa akisaidiwa kupumua. Ikae karibu na kitanda. Kalsiamu iliyo kwenye kabati ambalo mwenye ufunguo ameshaenda nyumbani ni sawa na kutokuwepo.

Na dozi iliyosubirishwa iandikwe kwenye chati, saa yake na sababu yake. Wa zamu ya usiku akikuta nafasi tupu atadhani mwenzake amesahau, naye ataichoma.