Upepo wa tairi ni mali ya koperative

Hivi karibuni tulialikwa kwenye mkutano wa koperative moja ya wakulima wa nyanya na kabichi, kaskazini ya Goma, upande wa barabara ya Rutshuru. Jina lao hatulitaji, wenyewe walituomba hivyo. Jambo lililowakusanya lilikuwa moja. Tairi la nyuma la jipu yao lilipasuka njiani saa kumi na moja jioni, motokari imejaa makreti ya nyanya. Walipotoa tairi la akiba, nalo halikuwa na upepo. Shofa na msaidizi wake walilala njiani, na katika mkoa wetu kila mtu anajua maana ya kulala njiani na mzigo. Kesho yake nyanya zilifika soko la Virunga zimechelewa, nyingi zimepondeka, na akina mama wanaonunua kwa jumla walikuwa wamekwisha kununua za wengine.

Kamati ilitaka shofa alipe tairi kwa kukatwa mshahara. Shofa akasimama akasema: "Ba papa na ba mama, ile taa ya njano iko inawakaka tangu siku mulinipatia motokari. Niliuliza garaji, wakaniambia haina shida, motokari iko inatembea. Sasa kosa yangu iko wapi?"

Watu walinyamaza. Tukaona kwamba neno hili haliwahusu wao peke yao. Koperative nyingi sasa zina motokari, nyingi ni za mtumba, na nyingi zina taa hiyo bila mtu kujua inasema nini.

Taa ile inasema nini?

Ni taa ya njano kwenye dashibodi. Ina umbo kama kiatu cha farasi, au kama chungu kilichokatwa katikati, na ndani yake kuna alama ya mshangao. Kazi yake ni kumwambia shofa kwamba tairi moja au zaidi limepungukiwa upepo.

Marekani ilipitisha sheria juu ya jambo hilo mwaka 2000, baada ya ajali nyingi za matairi yaliyopasuka barabarani, na tangu Septemba 2007 kila motokari ndogo mpya inayouzwa kule lazima iwe na mfumo huo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni lazima kwa kila motokari ndogo mpya tangu Novemba 2014. Kwa hiyo jipu ya mtumba iliyotoka kule baada ya miaka hiyo inao karibu kila mara. Motokari za mtumba kutoka Japani nyingi hazina, na Fuso za zamani hazina kabisa.

Mifumo ni ya aina mbili, na tofauti yake inafaa kujulikana.

Ya kwanza ina kihisi kidogo ndani ya kila gurudumu, nyuma ya valvu. Kihisi kinapima upepo wenyewe na kutuma habari kwa mawimbi ya redio. Kina betri yake ndani, iliyofungwa moja kwa moja, na kwa kawaida inaishi miaka 5 hadi 10. Ikiisha, kihisi kizima kinabadilishwa. Ndiyo sababu mtumba wa miaka kumi na zaidi mara nyingi una vihisi vilivyokufa.

Ya pili haina kihisi cha upepo. Inatumia vipimo vya breki za ABS kuhesabu mizunguko ya magurudumu. Tairi lililolegea linakuwa fupi kidogo, kwa hiyo linazunguka mara nyingi kuliko wenzake, na kompyuta inashtuka. Udhaifu wake ni huu: matairi yote manne yakipungua pamoja, polepole, hauoni kitu. Tena, baada ya kutia upepo lazima ubonyeze kitufe cha kuanza upya. Ukikibonyeza wakati upepo ni mbaya, unaufundisha uongo.

Angalieni pia namna taa inavyowaka. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, upepo umepungua: simama mahali pa usalama, pima. Ikipepesa kama dakika moja unapowasha motokari, kisha ikabaki inawaka, mfumo wenyewe ndio mgonjwa. Jipu ya wenzetu ilikuwa hivyo. Vihisi viwili vilikuwa vimekufa. Taa ilikuwa inasema, "Mimi sioni tena," na watu wakazoea kuiona bila kuisikia.

Hata taa nzima inachelewa

Msiwekee taa matumaini yote. Kwa sheria ya Marekani inatakiwa kuwaka upepo ukipungua robo nzima. Tairi linalotakiwa kuwa na bar 2.4, taa inaweza kungoja mpaka 1.8. Motokari ikiwa na mzigo, 1.8 ni hatari tayari. Tairi lililolegea linakunjika ubavuni kila mzunguko, kukunjika kunaleta joto, na joto ndilo linalopasua.

Kwenye barabara zetu kuna adui mwingine. Makoro, yale mawe ya volkano ya Nyiragongo, yana makali kama chupa iliyovunjika. Volkano ililipuka Januari 2002 ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na Mei 2021 ikakata barabara ya Rutshuru. Mawe yake tunajengea nyumba na kujazia barabara. Tairi lililolegea linabonyea juu ya jiwe, na jiwe linakata ubavu, mahali ambapo hakuna kwado anayeweza kuziba vizuri.

Vifaa vya kununua na kufunga

Motokari isiyo na mfumo inaweza kufungwa wa kununuliwa. Ulio rahisi ni kofia ndogo zinazofungwa kwenye valvu mahali pa kofia za kawaida, pamoja na kioo kidogo kinachowekwa mbele ya shofa. Kioo kinaonyesha namba ya kila tairi na kupiga kelele upepo ukishuka. Mtu yeyote anaweza kuzifunga, na betri zake nyingi hubadilishwa kwa mkono. Lakini kabla ya kutoa pesa ya wanachama, angalieni haya:

- Kofia hizi zinasukuma ulimi wa valvu na kuuacha wazi. Kofia yenyewe ndiyo inayozuia upepo. Jiwe likiipiga ikavunjika, upepo unatoka. Baada ya kuifunga, paka maji ya sabuni; ukiona povu linapanda, ifungue uifunge tena.
- Zinaonekana, na zinaibika. Zile za ndani ya gurudumu haziibiki kirahisi, lakini tairi lazima litolewe ili kuzifunga.
- Matairi ya Fuso yanajazwa kwa bar nyingi kuliko ya jipu, na vifaa vingi vya motokari ndogo havifiki huko. Soma kwenye boksi kipimo cha juu kabla ya kununua.
- Kihisi cha kubadilisha kile cha ndani lazima kifanane na motokari. Za Ulaya nyingi hutumia mawimbi ya megahezi 433, za Marekani 315. Cha 315 hakisemezani na motokari ya 433.

Kwa Fuso kuna jambo la magurudumu pacha ya nyuma. La ndani likiisha upepo, la nje linaficha aibu na kubeba mzigo wa wawili, mpaka nalo linapasuka. Mashofa wanagonga kwa nyundo na kusikiliza sauti. Hiyo inaonyesha tairi lililokwisha kabisa, haionyeshi lililopungua robo. Hapa kihisi kina faida kweli, ila valvu ya ndani inaweza kuhitaji kirefushio ili kofia ifikike.

Na neno moja kwa kwado wetu: kama gurudumu lina kihisi ndani, mwambieni kabla hajashika chuma chake. Akilitoa tairi kwa nguvu upande wa valvu, anakivunja. Dawa za majimaji za kuziba tundu nazo zinaweza kukiziba.

Kama pesa ni kidogo, anzeni na manometa

Hatusemi kila koperative ikimbilie vihisi. Manometa nzuri ya mkono na daftari ni bei ndogo sana mbele ya tairi moja jipya, na bila hivyo hata vihisi havitawasaidia. Utaratibu ni huu:

1. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi, kabla ya kutembea. Baada ya safari, ngoja saa tatu hivi.
2. Soma kibandiko kwenye mlango wa shofa. Mara nyingi kina vipimo viwili, vya motokari tupu na vya motokari yenye mzigo. Usimuulize jirani, motokari yake si yako.
3. Jueni vipimo. Kilo moja ya kwado ni karibu bar 1. Bar 1 ni karibu psi 14.5. Motokari za Japani zinaandika kPa: kPa 240 ni bar 2.4, sawa na psi 35 hivi.
4. Tairi la moto usilitoe upepo. Joto linapandisha kipimo; ukipunguza njiani, asubuhi litakuwa limelegea.
5. Kwenye matope wengi wanapunguza upepo ili kupita. Si vibaya, lakini nenda polepole, na ukifika kwenye njia nzuri jaza tena. Wengi wanasahau hapa.
6. Pima na la akiba. Andika tarehe, namba za matairi yote, jina la aliyepima.

Watu wanatuuliza kama mafuta yatapungua. Ndiyo, kidogo: kila psi 1 inayokosekana kwenye matairi yote inapoteza kama asilimia 0.2 ya mafuta. Hiyo peke yake haitamtajirisha mtu. Faida kubwa iko kwenye tairi linalodumu na mzigo unaofika sokoni mapema. Fanyeni hesabu yenu wenyewe: bei ya tairi moja, bei ya makreti mliyopoteza mara ya mwisho, siku ambazo motokari ililala. Wekeni hesabu hiyo pembeni ya bei ya vifaa, kisha mkutano uamue.

Walivyomaliza

Mkutano ule ulichukua saa mbili. Mama mmoja wa kamati ndiye aliyeuliza swali lililofungua njia: "Shofa tulimupa manometa?" Hakuna aliyempa. Koperative haikuwahi kununua. Wakakubaliana kwamba mtu hawezi kulipishwa kwa kitu ambacho hakupewa chombo cha kukiona. Tairi likalipwa na mfuko wa koperative. Shofa naye akakubali kwamba kuanzia siku hiyo atapima kila asubuhi na kutia sahihi, na siku daftari likiwa tupu, kosa litakuwa na mwenyewe.

Vihisi vya ndani wameviacha kwa sasa. Wamenunua manometa mbili na pompa ya mguu, na wameamua kuweka pesa kidogo kila safari mpaka wapate seti ya kofia.

Tulipokuwa tunaondoka, kijana mmoja alikuwa anaomba lile tairi lililopasuka, alivishe magurudumu ya chukudu yake. Wakampa. Chukudu haihitaji upepo, ina mti na mpira mkavu tu. Ninyi wenye jipu na Fuso, kesho asubuhi kabla ya kupakia, pimeni.