Ovari Zenye Vifuko Vingi na Kuharibika kwa Mimba: Mama Asilaumiwe



Mwanamke anayepoteza mimba hubeba huzuni mbili: ya mtoto ambaye hakumpakata, na ya maneno ya watu. Wako watakaosema amerogwa. Wengine watasema anaadhibiwa kwa dhambi za ujana. Hapa Nanganga, penye njia ya kwenda Ruangwa na Nachingwea, maneno hayo mara nyingi humfikia mama kabla ya ushauri wa daktari. Ni vema basi tuifahamu hali moja inayoongeza hatari ya mimba kuharibika: ovari kuwa na vifuko vingi, ambayo wahudumu wa afya huiita kwa kifupi PCOS.

Hali hii humpata takribani mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kwamba wanayo. Dalili zake ni hedhi isiyo na mpangilio au inayokosekana kwa miezi, ndevu au nywele nyingi mwilini, chunusi sugu, na kuchelewa kupata mimba. Vifuko hivyo si saratani. Ni vijifuko vya mayai ambayo hayakukomaa.

Inahusianaje na kupoteza mimba? Kwa wanawake wengi wenye hali hii, mwili hauitikii vizuri insulini, homoni inayoratibu sukari ya damu. Insulini ikizidi, ovari huzalisha kwa wingi homoni za kiume, na yai halikomai kwa wakati wake. Utando wa mji wa mimba nao waweza kukosa maandalizi ya kutosha ya kumpokea na kumlisha mtoto. Uzito mkubwa na kisukari huongeza hatari hiyo. Mimba ikiendelea, mama huwa katika hatari zaidi ya kupata kisukari cha ujauzito, shinikizo la damu na kujifungua kabla ya wakati.

Hata hivyo, hatari si hukumu. Wanawake wengi wenye hali hii huzaa watoto wenye afya. Aidha, takribani nusu ya mimba zinazoharibika mapema hutokana na hitilafu ya kromosomu, jambo ambalo mama hakulisababisha wala hangeweza kulizuia.

Nini kifanyike? Mwenye dalili hizi aende hospitali kabla ya kushika mimba, apimwe sukari, shinikizo la damu na homoni. Mwenye uzito uliozidi akipunguza hata sehemu ndogo, hedhi yaweza kurejea katika mpangilio. Kunde, mbaazi, mboga na samaki vichukue nafasi ya soda, na ugali upunguzwe. Akishika mimba, aanze kliniki kabla ya wiki 12. Akitokwa na damu au kuumwa sana tumbo, awahi hospitali, wala asijaribu dawa za mitishamba nyumbani.

Wapo akina mama wanaosita pale daktari anapowaandikia vidonge vya homoni ili kurekebisha hedhi. Mtakatifu Papa Paulo VI, katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 15, anafundisha kwamba Kanisa halikatazi tiba iliyo ya lazima kwa kuponya ugonjwa, hata kama itazuia uzazi, mradi kizuizi hicho kisiwe ndicho kinachokusudiwa. Wanandoa wazungumze na daktari na paroko wao kwa uwazi.

Kwa waliokwisha kupoteza mtoto, Katekisimu, namba 1261, inafundisha kwamba Kanisa huwakabidhi watoto waliofariki bila Ubatizo kwa huruma ya Mungu. Nasi katika Jumuiya Ndogo Ndogo tuwatembelee wazazi hao, tusali nao, na tuwapokee wakiwa wafiwa kweli. Mume awe wa kwanza kuketi karibu na mkewe, na wa kwanza kumsindikiza hospitali.