Mume Anayepigwa Nyumbani

Wanawake ndio wanaoumizwa zaidi katika ndoa. Tusisahau hata kidogo. Lakini hapa Bunia kuna waume pia wanaopigwa na kutukanwa na bibi zao, nao wananyamaza. Wanaogopa kuchekwa. Tena vita vya Ituri viliwaacha wengi bila shamba wala ng'ombe. Na mtu asiyemaliza mahari anaambiwa mbele ya watoto kwamba yeye si kitu.

Namna gani tutamtambua? Leo anasema ameanguka na kinga, kesho kidonda kilekile kina habari nyingine. Misa imekwisha, lakini hataki kurudi nyumbani. Faranga ya sabuni tu, lazima aiombe. Kila neno anatazama kwanza uso wa bibi yake.

Wengine watauliza: Kodi ya Familia ya 1987, iliyogeuzwa kidogo katika 2016, inamwita mume mkubwa wa nyumba, je, mkubwa anapigwa? Ndiyo, anaweza kupigwa. Sheria ya makosa ya inchi yetu inamwazibu kila mtu anayempiga mwenzake kwa kusudi. Haiulizi kama ni mume ama bibi. Vilevile Kanisa: kanuni 1153 inasema kwamba mmoja wa wenye ndoa, akimtia mwenzake ama watoto katika hatari kubwa ya roho ama ya mwili, yule mwenzake ana haki ya kuachana naye kwa amri ya Askofu, na kama kungoja ni hatari, anaweza kuondoka mwenyewe. Ndoa haivunjiki, lakini hakuna anayelazimishwa kufia ndani yake.

Basi, ndugu, tufanye nini? Tumsikilize peke yake, wala tusiwaite wote wawili kwa shauri siku ileile. Maneno aliyotoa mbele ya bibi yatalipwa usiku. Tusicheke. Tusimwambie: «Wewe ni mwanaume, vumilia», wala: «Mrudishie.» Tumpeleke kwa munganga, tutafute mahali pa kulala yeye na watoto. Na kwa kuwa mpigaji pia anaweza kujiita mpigwa, tuulize polepole: katika nyumba hii, nani anamwogopa nani?

Aliyefundishwa tangu utoto kwamba mwanaume halii, akilia mbele yetu, ametukabizi kitu kikubwa. Tukichunge vizuri.